Maji Hayafi, Yanahama

Soksi ndiyo iliyotoka kwanza kumpokea. Mama Kifaranga alikuwa bado anatafuta ufunguo mkobani, mtoto mgongoni, maneno ya daktari yangali moto masikioni, alipoiona soksi ndogo ya buluu ikichungulia chini ya mlango. Ikajivuta, ikateleza, ikafika hadi kwenye vidole vyake vya miguu. Nyuma yake yakafuata maji.

Alibaki ameduwaa, ufunguo mkononi, huku Kifaranga akimpigapiga begani na kufurahia mto uliozuka kibarazani kwao.

Saa moja tu iliyopita daktari alikuwa amemwambia, "Kifua cha huyu mtoto kimepona, lakini hakijasahau. Miezi miwili hii asilale penye unyevu. Hata harufu ya ukungu asiisikie. Nimonia ikirudi, itarudi na hasira." Naye alikuwa ameitikia kwa moyo mweupe, kwa sababu nyumba yao, kama haikuwa na kingine, ilikuwa kavu.

Alipofungua mlango, maji yalimfika kifundoni. Nyumba yenyewe ilikuwa sebule, chumba cha kulala na bafu. Bomba lililopita ukutani lilikuwa limepasuka mle mle ndani ya plasta, na kwa muda wote waliokaa kliniki lilikuwa likimwaga bila kuchoka. Zulia lilikuwa limevimba. Godoro la sponji lilikuwa limekunywa hadi likalewa. Madaftari yake ya darasa la jioni, aliyoyaacha chini ya meza, yalielea yakiwa yamefunguka kana kwamba nayo yanasoma.

Akampigia mumewe, ambaye alikuwa mwokaji katika tanuri la mikate mtaa wa pili.

"Usiguse kitu!" mumewe alisema. "Nakuja. Nakuja na mama."

"Na mama?"

"Unataka nije na nani, na mkate?"

Hapo ndipo Mama Kifaranga alipotaka kulia kweli. Mama mkwe wake alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mtaa mzima walimwita Bi Vibanio, kwa kuwa ukosi wa gauni lake haukukosa vibanio vinne vya nguo, viwili kila upande, kama nishani za jemadari. Tangu Mama Kifaranga aolewe, miaka mitatu sasa, hakuwa amewahi kusikia neno kali kutoka kinywani mwa mwanamke yule. Ni hilo lililomtisha. Bi Vibanio akipita uani na kuona shati limeanikwa vibaya, hasemi kitu. Analianua, analigeuza, analianika upya, anaendelea na safari yake. Ungeona heri angekutukana.

Walifika mbio. Mwokaji alikuwa na unga hadi kwenye nyusi, akainua mguu ili aingie.

"Mguu wako ukae hapo hapo," mama yake alisema. "Nani amekata umeme?"

Wakatazamana.

"Maji na umeme wakikutana husalimiana, na mkono wanaoshikana ni wako. Swichi kuu iko wapi?"

Ilikuwa nje, juu ya ukuta wa kibaraza. Bi Vibanio akaizima kwa ncha ya fimbo kavu. Kisha akauliza koki kubwa ilipo, akainama mwenyewe, akaifunga. Sauti ya maji ukutani ikapungua, ikawa mnong'ono, ikakoma.

"Basi tena," mwokaji alishusha pumzi. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Aliyesema hivyo hakuwa dobi," mama yake alimjibu.

Mama Kifaranga alikuwa tayari ameshika ndoo. Alishangaa kumwona mama mkwe akiichukua mikononi mwake, akaifudikiza chini, akaikalia. Akakaa hivyo, mikono magotini, akiangalia nyumba kama mtu anayemsoma mgeni. Dakika tano zikapita. Mwokaji alianza kujikuna.

"Mama, tunasubiri nini?"

"Yametutangulia. Hatuyawezi kwa mbio, labda kwa akili." Akageuka kwa mkwewe. "Mwanangu, maji hayafi. Yanahama tu. Ukiyafuta sakafuni yamehamia tambarani. Ukilianika tambara humu ndani yamehamia hewani, na hewa ikipoa yanarudi ukutani, nyumbani kwao. Kazi yetu ni kuyapangia njia ya kutoka, na kufunga mlango nyuma yao. Una chaki?"

Chaki alikuwa nayo, ya kujifunzia hesabu.

Kabla hawajaanza, dada yake Mama Kifaranga alifika kumchukua mtoto. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akasimama kibarazani, akatazama, akaguna.

"Hapa si nyumba, ni kisima chenye paa. Mdogo wangu, nitakaa na Kifaranga. Lakini unajua Jumamosi saa nane nina basi. Naenda kwa mama, mwezi mzima. Kama hapajakauka, naondoka naye. Sitamwacha alale humu kifua kikamrudi."

"Na kwangu hawezi kulala," Bi Vibanio alisema. "Napakana na kinu cha unga. Vumbi lake hata mimi linanikohoza."

Mama Kifaranga alimbusu mwanawe utosini, akaacha pua yake hapo kidogo. Kifaranga alikuwa na miezi kumi na minne. Jana yake alikuwa amepiga hatua nne, kutoka kwenye kochi hadi magotini kwa mama yake, akaanguka akicheka. Kwa mwezi mmoja angejifunza kukimbia. Angekimbia kwa watu wengine.

Ilikuwa Jumatatu, saa tisa mchana.

Bi Vibanio aliichora nyumba kwenye mlango, kwa chaki: vyumba viwili, madirisha, ukuta wenye bomba. Kuandika hakukumpenda sana, kwa hiyo mkwewe ndiye aliyeandika maneno. Alipomaliza kuchora, akaizungushia duara sebule.

"Hatukaushi nyumba," alisema. "Tunakausha usingizi wa mtoto. Sebule ina madirisha mawili yanayotazamana, upepo unaingia na kutoka. Chumba cha kulala kina dirisha moja, hewa inaingia na kujuta. Mkikimbilia vyote, Jumamosi mtakuwa na vyumba viwili vibichi. Kifaranga atalala sebuleni. Nyinyi wazazi mtajijua."

Mama Kifaranga hakuwahi kufikiria kwamba kukausha nako kunachorwa. Alidhani ni kufuta, kuanika, na kuomba Mungu. Jioni ile alijifunza. Kwanza waliyasukuma maji kwa ufagio wa mpira hadi uani, kuanzia kona ya mbali kuja mlangoni, wala si ovyo ovyo. Yaliyobaki wakayachota kwa kizoleo, na yaliyobaki tena wakayanywesha mataulo. Kisha vikatoka vyote vinavyokunywa: godoro, zulia, maboksi, mito ya kochi. Hata kabati, ambalo mwokaji aliapa halijalowa, lilipoinuliwa lilimwaga kijito miguuni kwake. Madaftari Bi Vibanio aliyasimamisha kibarazani kama mahema, akitia kipande cha gazeti kila baada ya kurasa chache, kwa utaratibu wa mtu anayewafunika watoto wake.

"Mama, hayo yameshakufa," mwokaji alisema.

"Kuna akili ya mke wako humu. Nyamaza, ubandue hizi mbao za chini ya ukuta."

Na kweli, nyuma ya mbao zile, mahali ambapo Mama Kifaranga asingepatazama maisha yake yote, ukuta ulikuwa unatiririka.

Fundi bomba akaja, akatoboa ukuta, akakata kipande kilichopasuka, akaunga kipya. Bi Vibanio akamkataza kuziba tundu. "Liache lipumue." Fundi akaondoka akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kuachiwa kazi ikiwa uchi.

Mwokaji naye alikuwa na dawa yake. Jumanne asubuhi, umeme ukiwa umekaguliwa na kurudishwa, alileta jiko, akaanza kufunga madirisha.

"Unafanya nini?"

"Joto, mama. Saa mbili tu za joto kali, kila kitu kinakauka. Mimi si mtu wa moto?"

"Mkate unakauka kwa sababu tanuri lina dohani. Ukifunga madirisha, jasho lote la ukuta litabaki humu humu likizunguka. Unataka kukausha nyumba au kumpikia mtoto supu?"

Jiko likarudi lilikotoka. Kulikuwa na feni pia, ambayo Mama Kifaranga alikuwa ameielekeza ukutani, penye unyevu. Bi Vibanio akaigeuza itazame nje ya dirisha. Ukiupulizia ukuta, alieleza, unyevu unahama ukuta huu kwenda ule, kama mmbeya anayehama kibaraza. Feni iivute hewa mbichi na kuitupa nje, na dirisha la pili lilete hewa mpya. Madirisha yafunguliwe saa nne, umande ukishaondoka. Yafungwe saa kumi na moja jioni, kabla nje hakujawa kubichi kuliko ndani.

Halafu akapita na chaki ukutani. Kila palipokuwa na alama ya unyevu akapazungushia mstari, na alipotilia shaka aliweka shavu lake kwanza, akafumba macho. "Mkono umezoea kazi, unadanganywa. Shavu halidanganyi." Vikatokea visiwa vitatu vya chaki sebuleni: Kisiwa cha Mlango, Kisiwa cha Kochi, na kikubwa kuliko vyote, Kisiwa cha Pembeni. Mama Kifaranga akachukua futi ya fundi cherehani na daftari lake la hesabu, la pekee lililokuwa mkobani siku ile, akapima kila kisiwa kilivyopanda kutoka sakafuni. Pembeni: sentimita sitini.

Jioni alipima tena. Hamsini na mbili.

"Mama! Kinashuka!"

"Kinahama," Bi Vibanio alisahihisha, lakini alitabasamu, na mkwewe akaona tabasamu lile kwa mara ya kwanza likiwa limemlenga yeye.

Kila jioni, Bi Vibanio akishaondoka na madirisha yakiwa yamefungwa, Mama Kifaranga alibaki na kazi moja ya siri ya moyo wake. Kliniki walikuwa wamemfundisha kwamba usafi ni nusu ya dawa. Basi alijaza ndoo, akatia vifuniko viwili vya dawa ya kuua vijidudu, akapiga magoti, akadeki sebule nzima. Kila ufa wa saruji, kila pembe, hadi ukingoni mwa ukuta, akiwaza hapa atatambaa, hapa atakaa, hapa ataweka kiganja chake. Kisha akanawa na kwenda kwa dada yake kumnyonyesha mtoto, nguo zikinukia dawa, roho imetulia.

Alhamisi asubuhi Bi Vibanio aliweka shavu lake pembeni, akaliondoa, akaliweka tena.

"Leo ngapi?"

Mama Kifaranga akapima. "Hamsini na tano."

"Jana jioni?"

"Arobaini na tisa."

Bi Vibanio alivua kibanio kimoja ukosini, akakibana, akakiachia, akakibana. Mkwewe hakuwa amewahi kumwona hivyo: mwanamke ambaye hesabu yake imekataa.

"Ukuta hutoa jasho usiku," alisema hatimaye. "Lakini si sentimita sita. Mwite fundi."

Fundi bomba alifika akiwa ameshakasirika tangu njiani.

"Bi mkubwa, mimi naunga mabomba tangu huyu mwanao ananyonya."

"Naye ameshaota meno hadi ya mwisho, na ukuta bado unalia."

"Mkono wangu hauvuji!"

"Sikusema mkono. Twende kwenye mita."

Wakafunga kila bomba, wakaenda nje, wakainama watatu juu ya mita kama majirani juu ya kitanda cha mgonjwa. Dakika kumi. Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Umeona?" fundi alisema. "Mita hailali wala haina ushemeji. Labda liko bomba jingine la zamani, lililosahauliwa humo ndani. Hakuna njia, nivunje hapa pembeni nione." Akatoa patasi na nyundo.

Mama Kifaranga alizihesabu siku. Ukuta ukivunjwa leo, ukazibwa kesho kwa saruji mbichi, Jumamosi haipo tena. Akafungua daftari, si kwa kutafuta jambo, ila macho yapate pa kukimbilia. Namba zake zilikuwa zimepangwa vizuri, kama mwalimu wa jioni alivyopenda. Sitini, hamsini na mbili. Hamsini na saba, arobaini na tisa. Hamsini na tano.

Mchana kinashuka. Usiku kinapanda. Bomba linalovuja halichagui saa. Ni nini, basi, kinachokuja jioni na mchana hakipo?

Akanusa mikono yake. Ilinukia dawa.

Fundi alikuwa ameshaweka patasi ukutani. Mtu angeweza kunyamaza. Fundi avunje, asikute kitu, bomba la zamani libebe lawama, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Fundi, ngoja," alisema. "Mama, ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Napiga deki. Jioni, ukishaondoka. Kwa ndoo. Nilitaka mtoto akute pasafi." Akamwonyesha daftari, kidole kikifuata namba moja baada ya nyingine, zile zilizomshtaki. "Tazama. Mchana unayatoa, usiku mimi nayarudisha."

Fundi akashusha nyundo taratibu.

"Ndoo ngapi?" Bi Vibanio aliuliza.

"Moja. Na nusu."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Mabega ya Bi Vibanio yalianza kutikisika. Mkwewe alidhani analia. Kumbe ni kicheko, kimeanzia chini kabisa, kikapanda hadi vibanio vikagongana ukosini.

"Na mimi namlaumu fundi wa watu!" alisema akijifuta macho. "Mwanangu, sikia. Mwaka wangu wa kwanza hospitali nilipewa mashuka ya wodi ya wazazi. Nikayapiga pasi, nikaogopa vumbi, nikayakunja yakiwa bado na moto, nikayafungia kabatini haraka haraka, na kitambaa juu. Mapenzi matupu. Wiki iliyofuata wamefungua, ukungu mweusi kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mashuka themanini. Na unajua nilifanya nini? Nilisema kabati linavuja."

"Mama!"

"Fundi seremala akalivunja lote. Mpaka leo nikimwona nabadilisha njia." Akalichukua daftari, akaliangalia kwa muda mrefu, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa kuvizia. "Wewe una mwanao anayetaka kwenda, na bado umesema. Mimi nilikuwa na kibarua tu, nikanyamaza."

Akachomoa kibanio kingine ukosini, akakibana kwenye ukosi wa gauni la mkwewe. "Kaa nacho. Tutavihitaji kwa mashuka. Sasa niambie, mwanafunzi: tutafika?"

Mama Kifaranga akapiga hesabu pale pale ukutani. Sentimita nane kwa siku, siku mbili. "Hatufiki, mama. Tutabaki na thelathini na tisa."

"Basi upepo peke yake hautoshi. Tutazinywesha nguo maji ya ukuta."

Ndivyo ilivyoanza siku na nusu ambayo Mama Kifaranga angeikumbuka uzeeni. Walikusanya kila kitambaa cha pamba, wakakikausha juani hadi kikakakamaa. Wakakibandika ukutani, juu ya visiwa, wakakikandamiza kwa matofali na zile mbao zilizobanduliwa. Shuka likanywa. Baada ya saa moja likatoka kizito na baridi, likaenda kambani, likaingia jingine kavu. Bi Vibanio hakukimbia hata mara moja, lakini hakuna shuka lililomkuta hayupo. Alijua kwa kugusa ncha tu lipi limeshiba na lipi bado lina kiu. Alianika kwa upande unaopokea upepo, alianua kabla kivuli hakijafika, na mikono yake yenye mishipa ilikwenda na kurudi kama ya mtu anayefuma. Kumbe hii ndiyo iliyokuwa maana ya kimya chake chote kile, mkwewe aliwaza. Si kiburi. Alikuwa anasikiliza nguo.

Ijumaa mawingu yakafunika jua. Mwokaji ndiye aliyewaokoa. Alibeba mashuka mabichi hadi kazini, akayaanika kwenye fito juu ya tanuri, akayarudisha mbio yakiwa makavu na yananukia mkate.

"Umeona sasa?" alijigamba. "Si nilisema joto!"

"Ulisema joto ndani. Sasa liko nje, na ukavu wake ndio unaoingia. Umekua, mwanangu. Leta mengine."

Jioni ile hakuna aliyepiga deki. Walibandika vipande vitatu vya nailoni, kimoja kwa kila kisiwa, wakavifunga kingo zote kwa utepe wa gundi. Kama ukuta bado una maji, yatajificha nyuma ya nailoni na kuacha umande.

Jumamosi saa mbili na nusu dada mtu alikuwa kibarazani, Kifaranga mkononi, begi la mtoto limeshafungwa. Bi Vibanio alikuwa uani akikunja mashuka. Mama Kifaranga akaingia sebuleni peke yake.

Mlango: nailoni kavu. Kochi: kavu. Akapiga magoti pembeni, akabandua ya tatu.

Ilikuwa na umande. Mwembamba, wa kuonekana kwa kuinamisha kichwa, mpana kama sahani. Kidole gumba kimoja kingeufuta. Nyuma yake alimsikia mwanawe akiita, "Ma-ma-ma," kwa sauti ya mtu anayegonga mlango.

Aliweka shavu ukutani. Baridi, kama chupa iliyotoka kwenye maji.

"Mama!" aliita. "Pembeni bado!"

Bi Vibanio alikuja, akasimama mlangoni. Hakwenda kuhakikisha.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Na shavu limesema."

"Basi ni bado," mama mkwe alisema, na katika maneno yale matatu Mama Kifaranga alisikia jambo ambalo hakuwa amepewa na mtu yeyote, hata mwalimu wake. "Dada, basi lako saa nane?"

"Saa nane kamili. Na sitachelewa kwa ajili ya ukuta."

"Tuna saa tano. Mwanangu, panga."

Mama Kifaranga akatazama. Mawingu yalikuwa yameondoka, jua limejaa uani, lakini pembe ile ilikuwa upande ambao jua halikuwahi kufika tangu nyumba ijengwe. Uani, likiegemea ukuta, lilisimama kabati lililolowa, na mlango wake wenye kioo cha kujitazamia.

"Kioo," alisema. "Mwalimu alitufundisha. Mwanga ukigonga kioo, unageuka. Tukikilaza vizuri kitautupa dirishani, mpaka pembeni."

Mwokaji akaung'oa mlango wa kabati. Wakaukokota, wakauinua, wakauhamisha, mpaka mraba wa jua ukaruka dirishani, ukapita darini, ukateremka ukutani na kutua juu ya kisiwa. Lakini jua linatembea, na kioo lazima kitembee nalo. Waliangaliana, na macho yote yakaishia kwa dada mtu, mwenye mabega mapana.

"Mimi? Na mimi ni msafiri!"

"Msafiri hana mikono?" Bi Vibanio alimwuliza.

Akashika kioo saa mbili nzima, akilalamika kwa sauti ya ng'ambo ya mto, asikiruhusu kutikisika. Feni ikavuta, mashuka yakanywa kwa zamu, mraba wa jua ukabaki palepale.

Bi Vibanio alimsogelea mkwewe. "Miaka thelathini na moja nimelipeleka shuka kwenye jua," alisema polepole. "Sijawahi kulileta jua kwenye shuka."

Saa tano aliamuru kioo kiondolewe. "Ukuta wenye joto ni mwongo. Tuuache upoe ndipo tuuulize." Wakabandika nailoni mpya, wakakaa kibarazani. Kifaranga alijaribu kula kibanio.

Saa saba Mama Kifaranga akaingia, na safari hii wote wakamfuata. Akabandua nailoni. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, akaiinua kwenye mwanga. Hakuna kitu. Akaweka shavu ukutani, akafumba macho kama alivyofunzwa, akangoja baridi imsute. Ukuta ulikuwa ukuta tu.

"Sasa?" dada yake alinong'ona, pengine kwa mara ya kwanza maishani.

"Pamekauka."

Bi Vibanio alitazama begi la mtoto. "Dada, utasafiri mwepesi."

Wakati watu wazima wakibishana nani atalipeleka begi wapi, Kifaranga alishuka mikononi, akasimama, akayumba, akapiga hatua. Nne. Sita. Tisa, mama yake alihesabu bila kupumua, mpaka akafika pembeni. Hapo akafanya alichomwona mama yake akifanya: akabandika shavu lake ukutani, akafumba macho, akasikiliza kwa makini.

Alipogeuka, nusu ya uso wake ilikuwa nyeupe kwa chaki ya Kisiwa cha Pembeni.

Mama Kifaranga akacheka, akamnyakua, na kwa mazoea ya mama yeyote akachukua ncha ya kitambaa, akainyoosha kuelekea kwenye ndoo ya maji. Akahisi macho ya mama mkwe kisogoni. Mkono ukasita hewani.

Akamfuta kwa kiganja kikavu.